Mbwa Mzee Hamfundishi Mdogo Kutulia

Wafugaji wengi wa mbwa wana imani moja: ukimleta mtoto wa mbwa kwenye ua ambao tayari una mbwa wakubwa wenye adabu, kazi ya malezi imepungua nusu. Wakubwa hawagusi viatu, hawarukii wageni, na chakula kikiletwa wanasubiri waitwe. Mdogo atawatazama, atawaiga. Kisha kilebu anafika, na ndani ya siku chache ndala za barazani zimebaki moja moja, kanga zimeshushwa kwenye kamba, ndoo ya maji imepinduliwa, na mbwa mzee aliyezoea kulala chini ya mwembe hapati usingizi kwa sababu kuna meno yameng'ang'ania sikio lake. Wakubwa wapo palepale kutwa nzima, wametulia. Mbona utulivu wao haumwingii mdogo?

Nadhani jibu ni kwamba adabu tunazozisifu kwa mbwa mkubwa ni za kutofanya. Hatafuni kiatu. Habweki ovyo. Hachimbi bustani. Kilebu ana uwezo wa kujifunza kwa kumtazama mwenzake, na hilo limethibitishwa, ila anachojifunza kwa macho ni tendo. Mbwa aliyelala kando ya kiatu bila kukigusa haonyeshi tendo lolote la kuigwa.

Ushahidi mzuri wa uwezo huo ulitoka Afrika Kusini. Mwaka 1997 watafiti Slabbert na Rasa walichapisha matokeo ya kazi yao na mbwa wa polisi wa aina ya German Shepherd. Baadhi ya vilebu, wakiwa na umri wa kati ya wiki 6 na 12, waliachwa wawatazame mama zao wakitafuta vifurushi vya dawa za kulevya. Walipofikisha miezi 6 walipimwa kwa kazi hiyohiyo, na waliowahi kumwona mama akiifanya waliwashinda kwa mbali wenzao ambao hawakuwahi kuiona. Walikuwa wameuhifadhi mfano huo kwa miezi kadhaa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, wakiongozwa na Claudia Fugazza, walisogea hatua moja zaidi mwaka 2018. Waliwapa vilebu wa wiki 8 kisanduku chenye chakula ndani, baada ya kuwaonyesha namna kinavyofunguliwa. Vilebu walijifunza kwa kumwona mbwa, na walijifunza pia kwa kumwona binadamu. Lililonivutia zaidi ni kwamba walimkazia macho mbwa mgeni kwa muda mrefu kuliko walivyomtazama mama yao. Mama wamemzoea, mgeni anastahili kuchunguzwa. Kwa kilebu anayeingia nyumba mpya, mbwa wote wakubwa ni wageni, na kila wanachokifanya kinatazamwa.

Sasa jiulize: mbwa wakubwa wanafanya nini mbele yake siku nzima? Wanalala. Halafu bodaboda inapita, wote wanalikimbilia geti na kubweka. Hapo ndipo kuna mwendo, sauti na msisimko, na hapo ndipo mdogo anapojiunga nao. Wengi waliolea kilebu kati ya mbwa wakubwa watakuambia kwamba tabia ya kwanza aliyoichukua kwao ni kelele za getini. Kwa hiyo kama wakubwa wako wana kasoro yoyote yenye vishindo, irekebishe kabla hujamleta mdogo.

Utundu wenyewe una sababu zake mwilini. Kilebu huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufunguka akiwa na wiki mbili hivi, na masikio hufuata muda mfupi baadaye. Kuanzia hapo ana dunia nzima ya kuichunguza, na hana mikono. Anachunguza kwa kinywa. Ana meno ya utoto 28, madogo na makali kama miiba, yanayoanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne ili kupisha meno 42 ya ukubwani, ambayo hukamilika karibu na mwezi wa saba. Katika kipindi hicho ufizi unamwasha na kutafuna kunampa nafuu. Kumchapa kwa sababu ya ndala hakuondoi muwasho. Kinachosaidia ni kuinua viatu juu na kumpa kitu halali cha kutafuna: kipande kigumu cha ngozi kavu, au kamba nene iliyofungwa mafundo. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kamwe, maana hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Juu ya yote hayo kuna saa inayokwenda. John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi miaka mingi katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walieleza kwenye kitabu chao cha mwaka 1965 kwamba kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ya maisha, kilebu anajenga orodha ya viumbe anaowaona kuwa wa kawaida. Jaribio la mwaka 1961 lilionyesha jambo hili kwa namna ya kuhuzunisha: vilebu waliokulia ndani ya uzio bila kuzoeshwa watu hadi wiki ya 14 walimwogopa binadamu kama wanyama wa porini. Kinachoonekana kwetu kuwa fujo, yaani kumrukia kila mtu, kunusa kila kitu, kumfuata paka hadi chini ya kitanda, ni mtoto anayeijaza orodha hiyo kabla mlango haujafungwa.

Je, wakubwa hawamfundishi chochote? Wanamfundisha, tena jambo ambalo binadamu hawezi kulifundisha sawasawa: lugha ya mbwa na kipimo cha meno. Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado aliwachunguza watoto wa mbwa, wa koyoti na wa mbwamwitu wa Amerika Kaskazini, na mwaka 1995 akaeleza jinsi wanavyotumia ule mwinamo wa kuchezea, miguu ya mbele imelazwa chini na makalio yameinuliwa. Mwinamo haukuja ovyo. Ulitokea mara nyingi kabla au baada ya kuuma huku kichwa kikitikiswa, tendo ambalo lingeweza kuchukuliwa kuwa shambulio la kweli. Ni kama kumwambia mwenzako: tunachofanya bado ni mchezo. Na mbwa mkubwa mwenye moyo wa mchezo hujishusha kwa makusudi. Hulala chali mbele ya kilebu asiyefikia hata goti lake, huacha kukimbia kwa kasi yake yote, hung'ata kwa kinywa kilegevu.

Mchezo ukizidi, mkubwa anatoa onyo, na onyo hilo lina ngazi. Tazama kwa makini, kwa sababu ngazi za mwanzo ni za kimya: anageuza uso pembeni, anajilamba midomo bila chakula kuwepo, anapiga miayo bila usingizi. Mdogo asipoelewa, mwili wa mkubwa unakakamaa na jicho linamtazama kwa pembeni. Kisha mdomo unainuka na kuonyesha meno, kisha anaunguruma, kisha anauma hewani, sentimita chache kutoka kwenye pua ya mtoto. Kilebu anapiga ukelele, anarudi nyuma, na baada ya muda anajaribu tena kwa upole zaidi. Hilo ni somo kamili, na halikuacha jeraha.

Hapa ndipo watu huharibu. Wanamsikia mzee akiunguruma, wanamkemea yeye. Wanamwambia mbwa mwenye adabu kwamba onyo ni kosa. Akikemewa mara nyingi, anaweza kuacha kuunguruma na siku moja akapanda moja kwa moja hadi kwenye meno. Mlio wa onyo uheshimiwe. Anayeondolewa ni mtoto.

Kosa la upande wa pili nalo ni baya. Mzee mmoja jirani yetu, mtu ninayemheshimu sana, aliwahi kuniambia, "Waache wamalizane wenyewe, mwanangu, lazima mmoja awe mkubwa wao." Fikra hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alieleza mapambano ya madaraka kati ya mbwamwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, na mtafiti mwingine, David Mech, akaieneza dhana ya kiongozi wa kundi kupitia kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini baadaye Mech mwenyewe aliwafuatilia mbwamwitu huru wa kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Mapambano ya Basel yalikuwa ya wanyama waliorundikwa pamoja bila pa kukimbilia. Ua wenye geti lililofungwa unafanana zaidi na Basel kuliko na Ellesmere, na mbwa mzee asiye na njia ya kuondoka anaweza kulazimika kupigana hata kama hakutaka.

Kwa maoni yangu, wa kuonewa huruma zaidi nyumbani katika miezi hii ni mbwa mkubwa mwenye adabu. Halalamiki, kwa hiyo hatumwoni. Viungo vyake huenda vinauma, na kilebu anamwangukia kiunoni. Macho yetu yote yako kwa mdogo, sifa zote ni za mdogo, na vitu vitamu vyote vya kumfundishia kukaa vinaenda kwa mdogo. Je, mzee analijua hilo? Mwaka 2009 Friederike Range na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vienna waliwakalisha mbwa wawili wawili na kuwaomba wapeane mkono na mtu. Mmoja alipolipwa chakula na mwingine asipewe kitu kwa kazi ileile, huyu wa pili alianza kusita, kisha akagoma mapema kuliko alipofanya kazi peke yake bila malipo. Alijikuna na kujilamba midomo, dalili za msongo. Hawakujali kama mwenzao kapata soseji na wao mkate. Walichojali ni kutopata kabisa. Basi unapomfundisha mdogo kukaa, mwambie na mzee akae, umlipe, hata kama amelijua neno hilo miaka yote.

Chakula chenyewe kinataka nafasi. Range na wenzake, kwenye kituo chao cha mbwamwitu huko Ernstbrunn, Austria, waliwalinganisha mbwamwitu na mbwa waliolelewa kwa namna moja. Matokeo ya mwaka 2015 yaligeuza matarajio ya wengi: mbwamwitu wa chini alikula pamoja na mkubwa wake, wakibishana lakini wakila, ilhali mbwa wa chini alijitenga na kumwachia mwenzake kila kitu. Sinia moja la ugali na dagaa kwa mbwa watatu linamfanya mmoja wao alale na njaa, na anaweza kuwa mzee mpole aliyeamua kutogombana na mtoto. Kila mbwa awe na bakuli lake, mbali na mwenzake, na kilebu alishwe upande wa pili wa mlango.

Haki hiyo iguse hata kukaripia. Unarudi kutoka kazini, unakuta mto umechanika, unapaza sauti mbele ya wote, na mzee ndiye anayeinamisha kichwa na kukunja mkia. Mtu husema, huyo ndiye aliyefanya. Alexandra Horowitz wa New York alilichunguza jambo hili mwaka 2009 na kugundua kwamba ile sura ya hatia hufuata ukali wa mwenye mbwa, wala haifuati kosa. Ilijitokeza zaidi kwa mbwa waliokaripiwa bila kuwa wamekosa. Mdogo aliyechana mto kwa saa nzima anakuja mbio akitikisa mkia.

Wakubwa waliochanjwa wana faida nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Muda ambao kilebu anahitaji kukutana na dunia ndio uleule ambao chanjo zake za magonjwa ya pavo na distempa hazijakamilika, na mtaani mbwa wanaozurura ni wengi. Distempa si jina la vitabuni tu kwetu: mwaka 1994 iliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walihusishwa na mlipuko huo. Ua wenye mbwa wazima waliochanjwa, ikiwa ni pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa, unampa mtoto wenzake wa kujifunza nao bila kumtoa nje mapema. Mwite daktari wa mifugo awaangalie wakubwa kabla mdogo hajaingia.

Na usidhani mambo yameisha meno mapya yanapokamilika. Lucy Asher wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzake waliwafuatilia mbwa waliokuwa wakiandaliwa kuongoza wasioona. Mwaka 2020 walieleza kwamba mbwa wa miezi 8 aliitikia amri ya kukaa kwa shida kuliko alipokuwa na miezi 5, lakini ugumu huo ulikuwa kwa mlezi wake tu. Mgeni akimwambia, alikaa. Ni ujana. Kwa mujibu wa walezi, akifika miezi 12 usikivu ulikuwa umerudi. Umri huohuo wa katikati ndio ambao mbwa wakubwa mara nyingi huacha kumvumilia kama mtoto, kwa sababu sasa ana uzito wao na bado ana akili ya kuchezea. Endelea kumpa mzee chumba ambacho kijana haruhusiwi kuingia, na umtoe matembezi ya jioni peke yake.