Kichwa cha Silinda: Chuma Kilichochongwa Hakirudi

Masasi imekaa chini, kati ya vilima vya mawe. Newala imekaa juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambao upande wake wa magharibi hufikia mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Gari litokalo Masasi kwenda Newala halina budi kuupanda ukingo huo. Likiwa limesheheni magunia ya korosho, au limembeba mgonjwa na jamaa zake, injini hufanya kazi kubwa kwa mwendo mdogo, na upepo upitao kwenye rejeta huwa haba. Juu ya hayo, mvua ya uwandani hupenya upesi katika udongo wa kichanga, hata miaka ya 1950 ikabidi uanzishwe mradi wa kupandisha maji kwa pampu kutoka mabondeni. Dereva aliyekaukiwa na rejeta njiani hapati maji kwa urahisi. Kiungo kinachoumia mapema huwa kichwa cha silinda, ambacho mafundi hukiita silinda hedi.

Sababu ya kupinda

Kichwa hiki huzifunika silinda kwa juu, na kati yake na bloku hulazwa gasketi. Chuma cha kusubu hutanuka kwa sehemu 11 hivi katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Kipande chenye urefu wa milimita 500 kikizidi joto kwa digrii 100, hutaka kurefuka kwa zaidi ya nusu milimita. Lakini joto halienei sawasawa: karibu na valvu za kutolea moshi huwa kali zaidi, ilhali bolti zimekibana kichwa kisisogee. Sehemu iliyokosa nafasi hujikunja, na ikipoa hairudi ilivyokuwa. Aluminiamu hutanuka mara mbili ya chuma. Ndiyo maana vichwa vya magari mengi ya siku hizi hupinda upesi zaidi. Hapo gasketi huungua, gesi huingia kwenye maji, na maji huingia kwenye oili.

Kupima kwanza

Fundi hulaza rula ya chuma iliyonyoka juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha hujaribu kupenyeza vibamba vya fila geji chini yake. Vitabu vingi vya ufundi huruhusu mpindo wa milimita 0.05 hadi 0.10 tu, unywele wa binadamu una unene wa milimita 0.07 hivi. Nyufa nazo hutafutwa kabla ya kazi yoyote, kwa kuwa kichwa chenye ufa hakiponi kwa kusawazishwa.

Kazi ya mashine

Mashine ndogo ya kuchonga chuma, yaani milingi ya karakana ya nyumbani, yaweza kuifanya kazi hii kwa masharti. Kwanza, meza yake lazima iweze kusafiri urefu wote wa kichwa. Kukihamisha kichwa katikati ya kazi huacha ngazi mahali mikato miwili inapokutana. Pili, mhimili unaozungusha kisu lazima usimame wima kabisa juu ya meza. Ukiinama kidogo, kisu huchimba bonde jembamba ambalo jicho halilioni lakini gasketi hulihisi. Tatu, kichwa kilichopinda kisilazimishwe kunyoka kwa kukazwa mezani. Kikikazwa hivyo kitachongwa sawa, na kikifunguliwa kitarudia mpindo wake. Sharti kiegemezwe kwa vibamba vyembamba mahali palipo wazi, ndipo kibanwe. Nne, kila mkato uwe mwembamba, nao ukome mara uso wote unapong'aa.

Hesabu ya kilichobaki

Tuchukue injini ya petroli ya Land Rover ya zamani, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Kila silinda ina 571.5. Kwa mgandamizo wa 8 kwa 1, nafasi ibakiayo pistoni ikiwa juu ni 81.6. Tukichukulia kuwa chumba cha moto kina upana sawa na silinda, yaani milimita 90.47, mkato wa nusu milimita hupunguza 3.2, na mgandamizo hufika 8.3. Huo si mwingi. Lakini kichwa kikichongwa hivyo mara tatu, mgandamizo hukaribia 9. Petroli hafifu huanza kulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na joto lililokipinda kichwa hapo awali huzidi. Isitoshe, kichwa kikipungua unene, nafasi ya valvu hubadilika, na katika injini hii lazima irudishwe kuwa milimita 0.25.

Kwa hiyo fundi mwema huandika kiasi alichokata na kumkabidhi mwenye gari, ili fundi wa baadaye ajue kilichobaki. Pia hukagua rejeta, mkanda wa feni na kifuniko. Katika mwinuko wa mita 900 maji ya wazi huchemka kwenye digrii 97 hivi, na kifuniko kizima ndicho huyapa shinikizo yasichemke mapema. Wachongaji wa mpingo wa Kimakonde wanalijua jambo hili tangu zamani: kipande kilichokwisha kutoka hakibandikwi tena. Gari lenye kichwa kilichosawazishwa na kifuniko kibovu litarudi karakana baada ya mlima uleule.