Ukuta wa Ngozi na Matarishi wa Mwili

Somo letu la leo ni habari ya ngozi, na hasa ule ugonjwa uitwao ukurutu, ambao watu wengi huuita pumu ya ngozi. Bila shaka mmepata kuuona. Mtoto hutoka mabaka makavu mashavuni, au katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, naye hujikuna usiku kucha mpaka damu ikatoka. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo mara nyingi hayaonekani mekundu kama yanavyochorwa katika vitabu vya Ulaya. Huwa ya rangi ya zambarau au kijivu, au meusi kuliko ngozi yenyewe, tena huenda yakawa na vipele vidogo vidogo.

Hapo ndipo mama hulaumiwa. Majirani husema hamwogeshi mwanawe. Naye kwa aibu humchukua mtoto, humsugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia asubuhi na jioni, na ugonjwa huzidi. Nataka leo mfahamu kwa nini unazidi. Sababu yake imo ndani ya ngozi yenyewe, katika vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Kwanza tutazame jinsi ngozi ilivyojengwa. Mwili wote wa mtu umefanywa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Seli za ngozi ya juu huzaliwa chini, kisha husukumwa juu polepole na seli nyingine zinazozaliwa nyuma yake. Safari hiyo, tangu kuzaliwa mpaka kudondoka, huchukua muda wa mwezi mmoja hivi. Zikikaribia juu hukauka, hulala bapa kama magamba ya samaki, na hufa. Ule unga mweupe unaoonekana ukikuna mguu uliokauka ni seli hizo. Lakini msidhani ya kuwa seli zilizokufa hazina kazi. Kabla ya kudondoka hupangana tabaka juu ya tabaka, kama tabaka 15 au 20 katika sehemu nyingi za mwili, na tabaka hizo ndizo ukuta wetu. Huzuia maji ya mwili yasitoke ovyo, na huzuia vijidudu visiingie.

Mnajua nyumba ya miti na udongo inavyojengwa. Miti husimikwa, fito hufungwa kwa kamba, kisha ukuta hukandikwa. Ukuta wa ngozi nao una fito zake, kamba zake na udongo wake. Fito ni nyuzi ngumu zilizojaa ndani ya kila seli, nazo huitwa keratini. Kucha na nywele zetu pia zimefanywa kwa keratini. Kamba ni kitu kiitwacho filagrini. Mwalimu, tafadhali andika neno hilo ubaoni, na darasa zima lisome pamoja: fi-la-gri-ni. Kazi ya filagrini ni kuzikusanya nyuzi za keratini na kuzifunga matita matita, ili seli ikaze na kulala bapa. Udongo ni mafuta yaliyo kati ya seli na seli. Tena kila seli imeshikana na jirani zake kwa vishikizo vidogo, mfano wa vifungo vya shati.

Filagrini ina kazi ya pili, nayo si ndogo. Ikiisha kufunga nyuzi, huvunjikavunjika na kuwa vitu vidogo sana vinavyovuta maji na kuyashika. Kwa hiyo filagrini ikipungua, hasara huwa mbili: fito hulegea, na ukuta hukauka ukapasuka.

Sasa twende kwa matarishi. Tarishi wa ofisini huchukua barua kutoka chumba hiki mpaka chumba kile. Yeye mwenyewe hapigani wala hajengi, lakini barua aliyoichukua yaweza kumfanya fundi aweke chini zana zake. Mwili nao una askari wake, ambao ni seli nyeupe za damu. Askari hao hupelekeana habari, na huzipelekea habari seli nyingine, kwa kutumia vitu vidogo mno viitwavyo saitokini. Saitokini ndizo matarishi wetu. Ziko aina nyingi, na baadhi yake huitwa interlukini, kila moja na namba yake. Leo twahitaji kuzijua mbili hasa: interlukini-4 na interlukini-13.

Matarishi hawa si wabaya kwa asili. Mwili huwatuma hasa unapopigana na minyoo. Taabu huja wanapotumwa kwa wingi mahali pasipo na mnyoo, mathalani ngozini pa mtoto ambaye askari wa mwili wake wamekasirishwa na vumbi la nyumbani au na vijidudu vilivyotua juu ya ngozi. Kila seli ya ngozi ina mahali pa kupokelea habari, nasi tupaite sanduku la barua. Tarishi akifika, barua huingia sandukuni, na seli hufuata amri. Nayo amri ya interlukini-4 na interlukini-13 ni hii: punguza kutengeneza filagrini.

Basi kamba hupungua. Tena si kamba peke yake. Vitu vingine vinavyolifanya ganda la seli kuwa gumu hupungua pia, na mafuta yaliyo kati ya seli huharibika, yakawa udongo uliochanganywa vibaya. Mtaalamu akikitazama kipande cha ngozi hiyo kwa darubini kali huona maji yamejaa kati ya seli, seli zimevutwa mbalimbali, na ngozi imekuwa kama sifongo. Ndiyo sababu baka la ukurutu likiwa kali hutoa majimaji.

Jambo hili lilijulikanaje? Mwaka 2006 wataalamu wa mji wa Dundee katika Scotland, wakiongozwa na Irwin McLean, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walionyesha kwamba baadhi ya watu hurithi kwa wazazi wao kosa linalozuia filagrini isitengenezwe sawasawa, na kwamba watu hao hupatwa na ukurutu kwa urahisi. Wengi wakadhani siri yote imefunuliwa. Lakini mwaka 2007 wataalamu wengine huko Marekani walizikuza seli za ngozi katika vyombo, baadhi wakazitia interlukini-4 na interlukini-13, na nyingine wasizitie. Zile zilizopata matarishi zilitengeneza filagrini kidogo kuliko wenzake. Na mwaka 2011 ikatangazwa habari ya wagonjwa wa ukurutu wa Ethiopia: wao walichunguzwa, na yale makosa ya kurithi yakaonekana kuwa machache sana. Kwa sisi watu wa Afrika habari hii ya Ethiopia ni kubwa. Yatuonyesha kwamba mtoto aweza kuwa na ukurutu bila kurithi upungufu wa kamba. Matarishi peke yao waweza kuzipunguza.

Sikilizeni sasa jinsi ubaya unavyozaa ubaya. Ukuta ukilegea, vumbi na vijidudu hupenya. Seli za ngozi zikiudhika hazinyamazi. Nazo zina matarishi wao, ambao huwaita askari zaidi. Askari wakija hutuma interlukini-4 na interlukini-13 nyingine, na kamba huzidi kupungua. Yuko na tarishi mwingine, interlukini-31, ambaye huipelekea habari mishipa ya fahamu, na habari yake ni mwasho. Mtoto hujikuna. Kucha huchana ukuta uliokwisha legea, na mzunguko huanza upya. Zaidi ya hayo, interlukini-4 na interlukini-13 hupunguza dawa ambazo ngozi hujitengenezea yenyewe za kuulia vijidudu. Hivyo vijidudu vinavyoleta usaha hupata makao mazuri.

Tumrudie yule mama na sabuni yake. Ngozi yenye afya ina ukali kidogo wa ndimu, nayo sabuni ya kufulia ina ukali wa namna nyingine, kama wa magadi. Magadi yakizidi juu ya ngozi, vile vishikizo vya seli hukatwa upesi kuliko inavyotakiwa. Sabuni pia huyachukua mafuta yaliyo kati ya seli. Na dodoki, hilo halihitaji maelezo. Mama huyo anabomoa ukuta ambao matarishi wameulegeza tayari, naye anafanya hivyo kwa upendo. Wanaostahili lawama, kwa maoni yangu, ni wale waliomwambia kwamba mtoto ni mchafu.

Afanye nini basi? Amwogeshe mtoto kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, kwa muda mfupi, na sabuni laini isiyo na manukato, tena mahali penye uchafu tu. Amkaushe kwa kumgusagusa kwa kitambaa, asimsugue. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, ampake mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili mzima, na kumpaka tena baadaye mchana. Mafuta hayo ni udongo wa kuazima: huziba nyufa wakati fundi anarekebisha. Kucha zikatwe fupi.

Mafuta peke yake hayatoshi ikiwa mabaka ni makali, kwa kuwa matarishi bado wapo. Hapo mganga wa hospitali hutoa krimu yenye steroidi, ambayo huwapunguza matarishi. Ni dawa nzuri ikitumiwa kwa kipimo cha mganga. Lakini krimu kali za namna hiyo huuzwa madukani kwa watu wanaotaka kujichubua. Hizo zikipakwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Msimpake mtoto krimu msiyoijua kwa sababu tu imemfaa jirani.

Mwaka 2017 huko Marekani ilikubaliwa dawa ya sindano iitwayo dupilumab. Kazi yake ni kuliziba lile sanduku la barua, ili interlukini-4 na interlukini-13 zifike zisipokelewe. Ni ghali mno kwa wengi wetu. Hata hivyo imethibitisha jambo moja. Barua zikizuiwa, mwasho hupungua na ukuta hujijenga tena. Dawa hiyo hiyo ilikubaliwa mwaka 2018 kwa aina fulani za pumu ya kifua, maana matarishi walewale wamo kifuani pia. Waliotunga jina la pumu ya ngozi hawakuwa na darubini, lakini hawakukosea sana.

Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu aweza kulala na wenzake na kula nao sahani moja. Lakini ikiwa watu wengi wa nyumba moja wanawashwa, hasa usiku, na vipele vimetokea kati ya vidole, huenda huo ni upele, na upele huambukiza. Nendeni hospitali wote pamoja. Na mtoto mwenye ukurutu akitoka usaha, au akipata homa, au malengelenge madogo yakaenea upesi juu ya mabaka, apelekwe siku hiyo hiyo. Msingojee kesho.

Mwalimu, baada ya kusoma, liulize darasa maswali haya mawili. La kwanza: katika nyumba zetu, ni sabuni gani tunayowaogeshea watoto wachanga, nayo ilitengenezwa kwa kazi gani? La pili: mkimwona mama anasemwa na majirani kwa ajili ya ngozi ya mwanawe, ni nani kati yenu aweza kuwaeleza habari ya filagrini kwa maneno yake mwenyewe? Aliye tayari na asimame sasa, ajaribu.