Mtoto wa Mwisho Naye Apewe Mbio Nyingine

Kila mwaka michezo ya UMITASHUMTA inapokaribia, shule za msingi za Musoma, Bunda na Butiama huchuja watoto: kwanza shuleni, kisha katika kata, halafu wilayani na mkoani. Utaratibu huo unafaa kwa kuunda timu. Sisi tunauliza habari za wale wanaoachwa njiani. Mtoto wa darasa la tano aliyekuwa wa saba katika mita 800 huambiwa arudi nyumbani, na pengine hatakimbia tena mbele ya watu hadi mwaka ujao, kama atakimbia kabisa. Alichojifunza ni kwamba amekwisha. Kisha wazee tunalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana ustahimilivu!

Mkoa huu una haki ya kulisema jambo hili. Suleiman Nyambui ni mzaliwa wa Majita. Mwezi Agosti, 1980, mjini Moscow, alimaliza mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa tofauti isiyofika sekunde moja, akatwaa medali ya fedha. Medali hiyo na ile ya Filbert Bayi katika michezo hiyo hiyo ndizo pekee Tanzania ilizopata katika Olimpiki zote hadi ile ya Paris ya 2024. Medali inajulikana, miaka iliyoizunguka haijulikani sana. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kwa makaburu wa Afrika Kusini. Msimamo ule ulikuwa wa haki, lakini wanariadha wa kizazi kile walilazimika kusubiri miaka minne mingine. Nyambui alipofika Moscow alikuwa na umri wa miaka 27, na alipokwisha kupita miaka 30 alishinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988.

Naye John Stephen Akhwari wa Mbulu husimuliwa kwa watoto kila mahali, ila husimuliwa nusu. Katika marathoni ya Mexico, Oktoba 20, 1968, alianguka akaumia goti, akaingia uwanjani giza likiwa limetanda, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Hapo msimulizi hukoma. Nusu ya pili ni kwamba mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa tano katika marathoni. Yule aliyekuwa wa mwisho alipewa mbio nyingine. Hilo ndilo tunalowaombea watoto wa Mara.

Yapo mambo mawili yanayoharibu kazi hii, na wakubwa ndio tunaoyafanya. Mwalimu anayemwadhibu mchelewaji kwa kumzungusha uwanja mara kumi anamfundisha kuwa kukimbia ni adhabu. Na shule inayochezesha mamluki, kijana aliyekwisha kumaliza shule akavalishwa kaptura ya darasa la saba, inamwambia mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima kwamba jasho lake si kitu. Afisa Elimu anayelifumbia macho jambo hilo kwa ajili ya kombe hana la kujitetea.

Fedha ni chache, tunajua. Mwaka 2016 mashindano ya shule yalisitishwa ili nguvu zielekezwe kwenye madawati, na dawati ni lazima. Lakini tunachokitaka hakihitaji mabasi wala posho za kambi. Kinahitaji uwanja uliofyekwa, saa, daftari, na mashindano ya kata yanayorudiwa kila mwezi badala ya mara moja kwa mwaka. Katika daftari liandikwe jina la kila mtoto na muda wake, wa kwanza hata wa mwisho, ili wa saba aone mwezi ujao kwamba amepunguza sekunde nne. Huenda bado akawa wa saba. Sekunde nne ni zake.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, wa Rukuba na Nafuba na kwingineko, tatizo ni kubwa zaidi. Ziwa likichafuka asubuhi ya mchujo, mtoto wa kisiwani huondolewa bila kupiga hata hatua moja, na hakuna mzazi mwenye akili atakayemtia mtumbwini katika mawimbi kwa ajili ya mbio. Basi mchujo ndio uvuke. Halmashauri zinazohusika ziwapeleke mwamuzi na saa yake kisiwani, na muda utakaopatikana huko uhesabiwe sawa na wa nchi kavu. Tena kupiga kasia na kuogelea, kwa maboya na chini ya uangalizi, viwe miongoni mwa mashindano. Huko wenzetu wa bara ndio watakaojifunza kuwa wa mwisho. Jumamosi yoyote ziwa likiwa limetulia inatosha kuanza.