Kuzima moteri mu mutelemuko: esanse kidogo, hatari kubwa

Kila mwanamemba mwenye kupeleka mavuno ku soko amekwisha kuona jambo hili. Pikipiki inapanda mulima kwa shida, saki ya maharagi iko nyuma. Inapofika juu, motari anatoa vitesi, anazima moteri, anaachilia pikipiki itelemuke yenyewe mupaka chini. Anasema anachunga esanse. Mu milima ya Lubero, Masisi ao Kalehe, iyo ni desturi ya siku nyingi.

Esanse yenye anachunga ni kidogo sana. Lakini anatupa freni ya tatu: moteri yenyewe. Wakati vitesi ya kwanza ao ya pili iko ndani na haukamate gazi, moteri inazuia pine ya nyuma. Ukitoa vitesi, uzito wote unaangukia freni peke yake.

Pikipiki zetu nyingi ziko na freni za tamburu. Ukizikamata muda murefu bila kupumuzisha, tamburu inawaka joto, na freni inaanza kulegea hata kama unafinya kwa nguvu zote. Motari anakuja kujua wakati kona iko mbele yake. Na mara nyingi juu ya saki kumeikaa mutu: mama muuzaji ao mutoto wa masomo.

Namna ya kutelemuka na muzigo

1. Mbele ya kuanza mutelemuko, punguza mwendo na ingiza vitesi ndogo. Usingojee katikati ya mulima.
2. Tumia freni zote mbili. Ukifunga freni, uzito unakimbilia mbele. Njo maana ku njia kavu freni ya mbele inasaidia sana. Finya polepole ukiongeza nguvu, hapana kwa gafula.
3. Ku matope ao kokoto, gusa ya mbele kidogo tu. Punguza mwendo wakati pikipiki ingali imesimama wima, mbele ya kuingia kona.
4. Pine ikikwama na kuteleza, achilia kidogo, kisha kamata tena.
5. Kumbuka: ukitoka mwendo wa kilometa 20 kwa saa na kufika 40, freni inaomba njia ndefu mara 4, hapana mara 2.
6. Ukivuka muto, enda polepole ukigusa freni mara na mara mupaka zikauke.

Dakika kumi nyumbani, mbele ya siku ya soko

Finya mukono wa freni ya mbele: unapashwa kwenda bure sentimetre 1 mupaka 2 tu mbele ya kukamata. Pedali ya nyuma, sentimetre 2 mupaka 3. Ikipita pale, kaza ekru ya freni. Kisha inua pine na uizungushe: ikiwa inakwama, umekaza kupita kiasi.

Pikipiki mingi ziko na mushale mudogo pembeni ya tamburu. Ukifinya freni na mushale ukafika ku alama, garnitire imekwisha. Kukaza tena hakusaidie, nunua mupya.

Sheni, pale katikati chini, ipande na kushuka sentimetre 2 mupaka 3. Ukiikaza, pine ya nyuma inasogea, kwa hiyo pima tena pedali ya freni. Paka sheni mafuta, lakini tone lisiguse tamburu wala garnitire: freni yenye mafuta haishike.

Mwishoni, angalia pine ziko na upepo wa kutosha, na taa ya nyuma inawaka unapofunga freni.

Ku mukutano wenu ujao

Muzigo ni wa koperative, kwa hiyo sheria pia iwe yenu. Ongeeni na motari wenu, mukubaliane: anayezima moteri mu mutelemuko habebe mavuno yetu. Na kama garnitire ni gali kwake, musimukemee tu; munaweza kununua kadhaa pamoja na kumukata kidogo kidogo ku malipo ya safari. Garnitire mupya inagharimu kidogo kuliko saki moja yenye kumwangika mu korongo, na mutu aliyeikaa juu yake hana bei.