Je, Wajua? Akili unde, imani na muhogo

Je, wajua kuwa chini ya Milima ya Uluguru, mjini Morogoro, mapadre Wasalvatori walianzisha taasisi ya falsafa na teolojia mwaka 1993? Leo ni chuo cha Jordan, kwa jina la mwanzilishi wa shirika lao, Francis Jordan, aliyetangazwa mwenyeheri mwaka 2021. Mtu ni nani? Pale hilo ni somo la darasani. Mji huohuo una SUA, chuo kikuu cha kilimo tangu 1984, na siku hizi maswali ya vyuo hivi viwili yanakutana shambani.

Je, wajua Nuru? Ni programu ya simu ya taasisi ya utafiti wa kilimo IITA na Chuo Kikuu cha Penn State. Unaielekeza kwenye jani la muhogo, nayo inakutajia ugonjwa, kwa Kiswahili, hata pasipo intaneti. Picha za kuifundishia zilipigwa kwenye mashamba ya pwani ya Tanzania. Kazi yenyewe si ndogo: michirizi ya kahawia ni ugonjwa wenye hila. Shamba linaweza kupendeza machoni, kumbe ukikata muhogo ndani umejaa madoa makavu ya kahawia, haufai hata kwa unga.

Sasa simu ikisema mmea ni mzima, mkulima akawagawia majirani vipando, nani atawajibika? Waraka wa Vatikani *Antiqua et Nova*, wa Januari 28, 2025, unajibu: mashine haibebi wajibu wa kimaadili, wajibu huo ni wa aliyeitengeneza na anayeitumia. Naamini mkulima anastahili kuambiwa hivyo kabla hajaishika simu.

Je, wajua kuwa kabla ya waraka huo FAO, shirika la chakula na kilimo, lilitia saini Wito wa Roma wa maadili ya akili unde Februari 28, 2020, pamoja na Microsoft na IBM?

Na je, wajua kwa nini Papa Leo XIV alichagua jina hilo? Mei 10, 2025 aliwaambia makardinali kuwa hasa ni kwa ajili ya Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi wa viwandani, na kwamba akili unde inaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi. Jirani zetu wa Nairobi wanazijua: mwaka 2023 jarida la Time liliripoti kuwa wafanyakazi wa huko walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Leo XIII alishaandika mwaka 1891, katika *Rerum Novarum*, kuwa ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, hata kama yeye mwenyewe amekubali pungufu.