Silaha za Nyota Kutoka Vyuma Vikuukuu

 Ningependa kulijibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza tangu tulipoigiza ule mchezo wa wasafiri wa nyota: "Zile silaha mlizitoa wapi?" Kuna waliodhani tulizinunua Nairobi. Wengine walisema ati zililetwa kutoka ng'ambo. La hasha! Zilitoka jaani, kwa fundi wa baiskeli, na moja ilitoka kabatini mwa babu yangu. Hiyo ya babu ndiyo iliyoninyima usingizi, nami nitaifikia.

Silaha ya mchezo kazi yake ni kulidanganya jicho. Sasa, jicho la binadamu ni jeuri. Chonga bunduki ya mbao, ipake rangi ya fedha, na aliyeketi safu ya kwanza atamnong'onezea jirani yake, "Mbao hiyo." Lakini chukua chuma kilichofanya kazi miaka arobaini, kilichochubuka pale vidole viliposhika, chenye skrubu ambazo fundi wa zamani aliziweka kwa sababu zake mwenyewe, na jicho litaamini hata bila kujua linaamini nini. Hakuna siri nyingine.

Siri hii si yangu. Mwaka wa 1976, katika studio za Elstree karibu na London, George Lucas alikuwa akitengeneza sinema ya Star Wars, iliyotoka 1977. Pesa zilikuwa haba. Roger Christian, aliyekuwa na kazi ya kupamba mandhari, alinunua mabaki ya ndege kwa bei ya vyuma chakavu akayabandika kutani, na hayo yakawa matumbo ya vyombo vya angani. Kilichomsumbua ni upanga wa mwanga. Hakuna mtu aliyekuwa ameuona upanga kama huo, kwa hiyo hakuna aliyejua unafananaje. Basi akaingia katika duka moja la vifaa vya picha, mtaa wa Great Marlborough, akapata sanduku la vishikio vya flashi za kamera za zamani, aina ya Graflex, zilizotengenezwa Marekani. Hizo ni bomba la chuma linalong'aa, lenye kula betri tatu kubwa, na ubavuni lina kitufe chekundu cha kuwashia balbu. Christian alibandika vipande vya mpira kwenye mshikio kwa gundi. Kwenye kibano aliweka kipande cha kikokotoo cha mfukoni, chini akatia pete ya kuning'inizia mshipini. Upanga umekwisha! Kile kitufe chekundu alikiacha kama kilivyokuwa. Nawe mtazamaji ukikiona, unasema moyoni, aha, hapo ndipo panapowashwa.

Upanga wa yule mzee Obi-Wan ndio unaonichekesha zaidi. Umeungwa kwa bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce Derwent, kipande cha guruneti ya Waingereza ya Vita Vikuu vya Kwanza, kipande cha bunduki ya rashasha ya Browning, kibano cha Graflex, na huko mwisho kabisa, kichwa cha mfereji. Naam, mfereji wa maji, kama huu ulioko nje ya bweni letu. Mamilioni ya watu wameutazama upanga huo na hakuna aliyeona kiu.

Bunduki nazo zilikodishwa kutoka Bapty, kampuni ya London ya silaha za sinema. Askari wa himaya walipewa Sterling, bunduki ya jeshi la Uingereza, juu yake ikafungwa darubini ya kifaru na ubavuni kihesabio cha mashine. Bastola ya Han Solo ni Mauser C96 ya Kijerumani, aina iliyoanza kutengenezwa 1896, ikavikwa darubini ya kuwindia na mdomo wa rashasha ya ndege za kivita. Moja ya bastola hizo iliuzwa kwa mnada Marekani mwaka wa 2022 kwa dola 1,057,500. Takataka hiyo!

Turudi kwetu. Bunduki yangu ya kwanza niliijenga juu ya drili ya umeme iliyoungua, kwa sababu drili tayari ina umbo la bastola na inakaa vizuri mkononi. Hili ni jambo la kwanza la kuangalia: kishike kitu kwanza. Kama hakikai mkononi, hakitakaa jukwaani. Mtutu ulikuwa pampu ya baiskeli. Juu nikaweka kipima mwendo cha pikipiki, na mbele kichwa cha shaba cha stovu ya mafuta taa. Vyote nikavikaza kwa nati na bolti, maana gundi pekee huachia siku ya maonyesho, tena mbele ya waamuzi.

Taabu ya vitu vya jaani ni kwamba kila kimoja kinakuambia kwao ni wapi. Pampu inasema baiskeli, kipima mwendo kinasema pikipiki. Inabidi uwafanye ndugu wa tumbo moja. Kwanza futa majina ya viwanda kwa msasa. Kisha paka kila kitu rangi nyeusi isiyong'aa. Ikikauka, chovya kitambaa kwenye rangi ya fedha, ukifute karibu kikauke, halafu ukipitishe kwenye kingo tu, pale ambapo chuma halisi kingechubuka. Saga ncha ya penseli, usugue unga wake kwa kidole. Utapata rangi ya chuma kilichozeeka. Kwenye mianya tia rangi ya viatu ya kahawia uifute nusunusu. Ile shaba ya stovu niliiacha bila rangi. Kitu kimoja kilicho wazi huwafanya wengine waaminike.

Nikuonye pia, maana jaani kuna nyoka wa aina nyingi. Televisheni kuukuu na flashi za umeme huweka umeme ndani hata baada ya kuchomolewa. Usizifungue bila fundi. Saa na dira za kijeshi za zamani ambazo tarakimu zake ziling'aa gizani mara nyingi zilipakwa rangi ya radiamu, kwa hiyo usizikwangue kamwe. Betri iliyovuja usiishike kwa mikono mitupu.

Nyoka aliyeniuma mimi lakini hakuwa jaani. Jumamosi moja nilipanda matatu nikielekea mazoezini, bunduki yangu nimeifunga kwa gazeti. Gazeti likapasuka. Mama aliyeketi kando yangu alipoona ule mtutu alipiga mayowe, gari likasimama katikati ya barabara, na kabla sijajieleza kola yangu ilikuwa mikononi mwa makanga. Nilitetemeka kama unyasi. Kilichoniokoa ni kile kichwa cha stovu, mzee mmoja alikitazama akasema, "Lakini huyu amebeba jiko!" Watu wakacheka, ila yule mama hakucheka. Alishuka huku mikono yake ingali inatetemeka. Nilikuwa nimejitahidi wiki tatu ili kitu changu kiaminike, na kilikuwa kimeaminika. Tangu siku hiyo silaha zetu husafiri ndani ya sanduku lenye kufuli, pamoja na mwalimu, na ncha zina rangi ya machungwa hadi dakika ya kupanda jukwaani.

Ndipo nikaamua shujaa wetu abebe upanga. Kipini cha upanga wa mwanga hakimtishi abiria yeyote. Na hapo nikaikumbuka flashi ya babu.

Babu alikuwa mpiga picha wa studio. Flashi yake haikuwa Graflex, lakini ni jamaa yake: bomba la chuma, betri tatu, na bakuli la kurudishia mwanga. Nilimwendea na msumeno wa chuma tayari mfukoni, nikamwambia, "Babu, hii si haitumiki tena? Balbu zake hata haziuzwi."

Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, unataka kuikata wapi?"

Nikamwonyesha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ile flashi ilipiga arusi zote za mtaa wao kwa miaka kumi na mitano. Sikuwa na la kusema. Nilijua pia, maana nimesoma, kwamba Graflex nyingi nzima zimekatwa na kutobolewa na wapenzi wa sinema. Wapenda kamera za kale hulalamika, kwani flashi hizo hazitengenezwi tena. Christian alizikuta zikiwa takataka sandukuni. Zilipopata umaarufu hazikuwa takataka tena, na msumeno haukukoma. Sisi tunaopenda kazi hii hulijibu swali hili kila mtu kwa namna yake. Mimi naona hivi: kilichokufa, kama drili yangu, kata upendavyo. Kinachoweza kufanya kazi yake, kivalishe tu, usikitoboe.

Babu akanipa kwa sharti hilohilo. Nililiondoa bakuli, nikakata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli nikavifunga kwenye mshikio kwa waya mwembamba, nikazungusha ukanda wa ngozi chini ya waya usikwaruze. Hakuna tundu, hakuna gundi. Mliuona wenyewe.

Baada ya tamasha nilivifungua vyote nikaipeleka nyumbani. Babu aliizungusha mikononi polepole, akilipapasa bomba kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini. Halafu akalirudisha bakuli mahali pake, akatia betri tatu mpya, akafungua kiboksi kidogo cha karatasi kilichobaki na balbu nne. Akachomeka moja.

"Nitazame," akasema, akabonyeza.

Kwa dakika nzima sikuona kitu ila doa kubwa la kijani, nikamsikia tu akicheka na kuhesabu: zimebaki tatu.