Noti Kumi na Mbili na Kina cha Bahari

Makala haya yanakusudia kueleza fani ya Simfoni, Opasi 21, ya Anton Webern wa Austria, aliyoimaliza mwaka 1928. Msomaji asishangae tukipitia Lindi kwanza. Huko tuna kipimo tunachokijua.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Majimaji, vita vilivyoanza mwaka 1905 kwa watu kung'oa pamba katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Utenzi kwa kawaida una vipande vinne katika kila ubeti, mizani 8 kila kipande. Vitatu vina kina kimoja. Cha nne kinabeba kina cha bahari, ambacho hurudi ubeti baada ya ubeti. Wafe watu, vichomwe vijiji, bahari ni ile ile.

Sasa Webern. Mahali pa bahari ana safu: noti zote 12 zimepangwa kwa utaratibu mmoja, na hairudiwi hata moja mpaka zote zipite. Kanuni hii aliirithi kwa mwalimu wake, Schoenberg. Safu huweza kusomwa kinyumenyume, au kupinduliwa juu chini. Lakini ya Webern ina ujanja zaidi: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa na kuhamishwa, hivyo ukiisoma kutoka nyuma unakutana na safu ile ile. Sehemu ni mbili tu, kama dakika 10 hivi. Klarineti mbili, horni mbili, kinubi na vyombo vya nyuzi, ngoma hakuna.

Je, safu hiyo inasikika? Kwa kweli mimi sijaisikia. Nasikia noti mbili tatu, kimya, horni moja inajibu nyingine. Mzee wa Kivinje asiyejua kusoma akisikia mizani 9 penye 8, atakunja uso pale pale. Kwa Webern kosa kama hilo lingempita.

Hapo ndipo malumbano yetu ya vina na mizani, yaliyopamba moto Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, yalikosa swali moja: kanuni ni ya mtunzi, au na msikilizaji anayo? Webern alijifunga kuliko Amri Abedi alivyowahi kudai, lakini sikio linadhani amejiachia tu! Jamaliddini na wasikilizaji wake walishika kamba moja.

Anayetaka kujaribu, aanze na sehemu ya pili, badiliko la nne. Hapo ndipo katikati; kuanzia hapo muziki unageuka na kurudi ulikotoka.